Naomba ushauri: mdogo wangu amemchukia Billie Eilish

Ndugu zangu, habari zenu. Mimi na mdogo wangu tulianza kumpenda Billie Eilish, yule mwimbaji wa Marekani, pamoja, enzi zile za manguo mapana na nywele za kijani. Mwaka 2021 alipotokea kwenye jalada la jarida la mitindo la Vogue ya Uingereza amevaa koseti, lile vazi la kubana kiuno, mdogo wangu alinuna. 2023 aliposema wazi kwamba anavutiwa na wanawake, akabandua mabango yote ukutani. Alama za gundi zipo mpaka leo. Anasema eti ametudanganya. Mimi naona alianza akiwa mtoto, sasa amekua, na mwili ni wake. Sauti ni ileile! Nilipomwambia hivyo, akanifungia mlango. Inaniuma, maana nyimbo zile tulikuwa tunaziimba wawili. Nianzie wapi kuongea naye bila kumkaripia?