Tupeane uzoefu: wiki ya uchaguzi Unguja na Pemba, kwenu ilikuwaje?

Mjukuu wa Mkwezi
Assalamu alaykum jamani. Jana mtoto wa dada yangu amenikuta jikoni natia mchele kwenye ndoo za akiba, akaniuliza, "Mjomba, kuna harusi?" Nikamwambia hapana, kuna uchaguzi. Hakunifahamu hata kidogo, na mimi usingizi ukanipaa.

Sie tuliokulia Pemba miaka ya tisini tulikuwa tunaujua uchaguzi kabla hujafika. Mafuta ya taa yanaadimika dukani, boti za Dar zinajaa watu wanaokwenda "kutembea", watoto wanapelekwa shamba kwa bibi. Wazee wetu walikuwa chini ya Baraza la Mapinduzi tangu 1964, Baraza la Wawakilishi lenyewe limekuja 1980, vyama vingi 1992. Kwa hiyo ile 22 Oktoba 1995 kuna watu wazima wenye wajukuu ambao ndiyo mara ya kwanza wanaingia kwenye chumba cha kura wakakuta kuna wa kuchagua. Hakuna aliyewafundisha kushindwa. Hakuna aliyewafundisha kushinda pia.

Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta nyumbani kwao, mtaani kwao. Si hotuba za wanasiasa, hizo tunazo.

Muuza Urojo
Kweli tupu. Na ng'onda, samaki wa kukausha! Kwetu Wete ukiona mama ananunua ng'onda kwa mkupuo basi kura zimekaribia.

Mzee wa Kisimamajongoo
Mimi ni CCM, na kabla yake wazee wangu ASP, yaani Afro-Shirazi, nasema mapema ili asije mtu akaniuliza. 1995 nilikuwa wakala wa chama kwenye kituo kimoja hapa mjini. Wakala wa CUF, chama cha upinzani, alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu khasa, baba mmoja mama mmoja. Umeme ulikatika tukahesabu kwa chemli. Msimamizi anainua karatasi, anatuonesha, mimi natikisa kichwa, shemeji anatikisa kichwa, inawekwa fungu lake. Kazi ilikwenda kwa heshima mpaka mwisho, tukatia saini wote wawili, tukatoka tukanywa kahawa pamoja kwa muuza kahawa wa pale nje.

Tabu ilianza kwenye kusubiri. Siku zinapita, matokeo ya urais hayatoki, kila baraza lina matokeo yake. Yalipotangazwa, Dk. Salmin wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8. Mnaielewa tofauti hiyo? Watu wa shehia moja tu wangeweza kuigeuza. Shemeji akasema tumemuibia. Nikamwambia mbona ulitia saini? Akasema nilitia saini ya kituo chetu, sikutia ya visiwa vyote. Tangu siku ile hakukanyaga kwangu. Mke wangu akenda kwao peke yake, Idi peke yake, misiba peke yake. Alirudi kwangu baada ya Rais Amani Karume na Maalim Seif kukutana Ikulu Novemba 2009. Alikuja na samaki, akakaa pale pale anapokaa siku zote, akaniuliza khabari za mguu wangu.

Jang'ombe Asilia
Mzee umesema kweli lakini umeuacha mzizi. Fitina hii imeletwa na vyama vingi. Enzi za Mzee Abeid Karume, chama kimoja, nani alisusa maziko ya jirani? Nani alikataa kupanda gari la mwenzake?

Bint Kojani
Enzi hizo watu walikuwa wakinyamaza, kaka. Kunyamaza na kupendana ni mambo mawili. Babu yangu alikuwa akizungumza kwa kunong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe mpaka anakufa. Na kama unataka mzizi, rudi Juni 1961, watu 68 walikufa baada ya uchaguzi hapa hapa Unguja.

Jang'ombe Asilia
Bi dada, Juni 1961 kulikuwa na nini? Vyama vingi! Umenisaidia kuijenga hoja. Na Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura na serikali wakapewa wengine. Unafikiri Januari 1964 ilitoka wapi?

Bint Kojani
Ilitoka kwa watu walioona kura zao hazikuhesabika. Sasa mbona wewe unataka wa 1995 na wa 2000 waone sawa?

Mjukuu wa Mkwezi
Nawaombeni nyote wawili. Uzoefu, si historia ya nani kaanza. Hiyo ina uzi wake na haijawahi kwisha.

Mama Nunu wa Likoni
Nimesoma habari ya mchele nikaweka simu chini. Sijawahi kuandika haya popote.

Sie kwetu Pemba, upande wa Micheweni. Oktoba 2000 uchaguzi ulivurugika, majimbo 16 yakarudiwa Novemba na CUF wakasusia. Jumamosi ya 27 Januari 2001 baba alitoka na kanzu ya Ijumaa kwenda kwenye maandamano ya CUF. Nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa uani anageuza karafuu za vuli kwenye jamvi. Tulisikia milio, mwanzo tukidhani fataki, halafu tukaona watu wanakimbia kupitia migombani, mmoja hana kiatu. Baba alirudi mchana na kanzu ina damu ambayo si yake. Hakusema ni ya nani. Alisema, "Fungeni."

Tukafunga nini? Mama alitia mchele kwenye foronya, akachukua koti la mdogo wangu na funguo. Karafuu zikabaki juani.

Usiku ule watu walikuwa wakisema wanaume wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Hatukungoja kuhakikisha. Tulilala msituni, na usiku wa pili tukashuka pwani. Mashua ile ilikuwa ya kuvulia, inanuka mafuta ya papa. Tulipakiana mpaka ubao wa juu ukawa karibu na maji. Mama alinifunga mkono kwa kanga, ncha ya pili akamfunga kaka yangu, akatuambia mmoja akitoka, mwengine atavuta. Mpaka leo kaka yangu akinishika mkono pale pale nastuka.

Kulikuwa na kijana ana jeraha la pajani, limezongwa kitambaa cha kilemba. Hakwenda hospitali kwa sababu waliokwenda ilisemekana wanakamatwa wakitoka. Kila mashua ikigonga wimbi anauma mkono wake asipige kelele. Nahodha alikataza taa, alikataza kukohoa. Mdogo wangu mchanga alipoanza kulia mama alimpa sukari ndani ya kitambaa anyonye, ilipokwisha akampa kitambaa kitupu. Mimi kazi yangu ilikuwa kopo. Nachota, namwaga, nachota, namwaga. Mwanamke mmoja mbele yangu alisoma Yasini yote kwa moyo, akimaliza anaanza upya, kwa sauti ya chini kiasi kwamba nilikuwa namfuata kwa midomo tu.

Kulipopambazuka tukaona Bara ya Kenya, upande wa Shimoni. Wengine wakaanza kulia hapo, ndiyo kwanza.

Muuza Urojo
Allahu akbar. Sina la kusema.

Nahodha Mstaafu
Bibi pole sana. Lakini naomba niulize, kwa sababu bahari naijua. Januari ni kaskazi, na mkondo wa Mlango wa Pemba unapanda juu, kaskazini. Mashua nzito kama hiyo ingesukumwa kupita Shimoni kabisa. Mlifikaje?

Bint Kojani
Mzee, mtu anaeleza alivyokimbia roho mkononi, wewe unampima mkondo?

Mama Nunu wa Likoni
Mwache, ameuliza vizuri. Nahodha wetu hakuelekeza Shimoni. Alielekeza chini, kama anakwenda Vanga, akasema bahari itatupandisha yenyewe. Tuliingia Shimoni asubuhi.

Nahodha Mstaafu
Basi huyo alikuwa nahodha. Mungu amrehemu kama ametangulia, amhifadhi kama yuhai.

Kijana wa Shimoni
Mimi nilikuwa mdogo, lakini nawakumbuka. Nyumba yetu ililala watu wa Pemba ukumbini na barazani mpaka mkeka wa sala ukawa kitanda. Nyanya yangu alikuwa akisema hawa si wageni, lugha moja, dini moja, na samaki wetu wanatoka maji mamoja. Walifika watu wapatao 2,000 kwenye kijiji ambacho maji ya kunywa yenyewe ni ya kugombania. Kijana mwenye jeraha nadhani ndiye aliyepakiwa gari kwenda Msambweni. Sijui kama ni huyo huyo, walikuwa zaidi ya mmoja.

Jang'ombe Asilia
Na askari aliyeuawa Micheweni siku ile mbona hatajwi? Naye alikuwa mtoto wa mtu.

Mama Nunu wa Likoni
Alikuwa mtoto wa mtu, nakubali, na mama alikuwa akimuombea. Waliokufa Human Rights Watch waliwataja wasiopungua 35. Naye na aingie kwenye dua, ndugu yangu, dua haijai.

Jang'ombe Asilia
Amin. Hapo umeniweza.

Bi Mlandege
Mama Nunu, na karafuu?

Mama Nunu wa Likoni
Tulirudi baada ya muafaka wa pili wa CCM na CUF, ule wa Oktoba 2001. Nyumba ilikuwa imesimama, mlango umevunjwa. Jirani yetu wa chama cha pili, tuliyekuwa hatusalimiani naye tangu 1995, alizianua karafuu zetu siku ile ile tulipokimbia. Mvua ilimtangulia kidogo, kwa hiyo sehemu yake zilikuwa zimegeuka mpeta, karafuu zilizoharibika kwa maji. Alizitenga, nzuri gunia lake, mpeta gunia lake, akazishona zote mbili. Mama akamwambia ahsante, basi. Hawakupatana siku ile. Hata mwaka ule hawakupatana. Walipatana jirani alipofiwa na mumewe na mama akenda kuosha vyombo bila ya kuitwa.

Bi Mlandege
Mimi nataka kuweka na siku nzuri moja, maana nayo imetokea. 2010. Kura ya maoni ya 31 Julai watu walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66. Oktoba tukapiga kura, na usiku wa matokeo duka langu sikulifunga. Dk. Shein wa CCM alishinda kwa asilimia 50.1, na Maalim Seif pale hoteli ya Bwawani akakubali mbele ya watu. Nilikuwa nimeweka mchele wa miezi. Tukaupika pilau.

2015 nikafikiri tumeshazoea. Tarehe 28 Oktoba nipo dukani, televisheni iko juu ya friji, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar Jecha Salim Jecha anasema uchaguzi wote umefutwa. Mteja mbele yangu alikuwa ameshikilia noti, hakunipa, hakuirudisha mfukoni. Mtaa mzima milango ya maduka ikashuka kwa pamoja, ile sauti ya mabati. Waliorudia Machi 2016 walirudia bila ya CUF, na mtaani kwetu usiku kulikuwa na gari za watu waliofunika nyuso, tukiwaita mazombi. Mwanangu wa kiume nilimpeleka Tanga na hakurudi kuishi tena. Hilo ndilo linaloniuma. Kura ilifutwa kwa dakika chache, mtoto mpaka leo yuko ng'ambo ya maji.

Mchuuzi wa Darajani
Haya, ushauri kwa kijana wa Mjukuu wa Mkwezi: mchele, maji, vocha, chaji simu. 2020 mitandao ilizimwa, basi awe na redio ya betri.

Bint Kojani
Ushauri wangu ni apige kura, akae karibu na kituo mpaka matokeo yabandikwe mlangoni.

Mzee wa Kisimamajongoo
Usimpoteze mtoto wa watu. Apige kura, arudi nyumbani, akae na mama yake. Kukaa karibu na kituo kumetia watu wengi hasarani. Mawakala wapo.

Bint Kojani
Mawakala kama wewe na shemeji yako, mzee wangu, sawa. Vituo vyote vina watu kama nyinyi?

Mzee wa Kisimamajongoo
Havina. Ndiyo maana nakwambia vijana wenye adabu waombe kazi hiyo ya uwakala, kila chama. Wasiachiwe wahuni.

Muuza Urojo
Mimi nasema aende Dar kutembea, kama wenzake. 😄

Nahodha Mstaafu
Asende popote. Wote wakipanda boti nani atapiga kura?

Mjukuu wa Mkwezi
Nimemsomea yote tangu juu. Ameniuliza lile jamvi la karafuu lilibaki wapi, na nani aliyemfungua kanga mama Nunu. Mama Nunu ukipata nafasi mjibu. Na waliokuwa Mtambwe na Konde wakati wa chaguzi ndogo za Mei 2003 nao waje, kule bado hakujaandikwa kitu.