"Potent", "mighty" na "powerful": tofauti ni nini?

Kaka wa Nangurukuru
Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu hapa Kilwa. Jana tulikuwa tunapitia notisi zake za Maji Maji kwa Kiingereza. Dawa ya Kinjikitile imeitwa "potent", jeshi la Wajerumani "mighty", chifu mmoja "powerful". Kamusi yetu inasema yote ni "enye nguvu". Sasa kwa nini matatu? Na yametoka wapi?

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Marahaba. Kamusi haijakosea, ila imeishia njiani. "Potent" ni nguvu iliyojificha ndani ya kitu, huijui mpaka ifanye kazi: dawa, sumu, pombe, hata hoja. Ndiyo maana linaikaa dawa ya Kinjikitile. Kwa macho ilikuwa maji, mafuta ya nyonyo na mtama. Nguvu waliyoiamini watu haikuonekana. Jeshi unaliona linakuja. "Mighty" ni la ukubwa wa kutisha: jeshi, mto uliofurika, Mungu mwenyewe. Limezoeleka zaidi kwenye maandiko ya dini kuliko barazani. "Powerful" ndilo la kila mahali, kuanzia injini mpaka hotuba.

Asili yake: "mighty" ni la Waingereza wenyewe tangu kale, ndugu yake wa Kijerumani ni "Macht". "Power" liliingia kwa Kifaransa cha Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066. "Potent" ni la Kilatini, na yote mawili yanarudi kwenye kitenzi "posse", yaani kuweza. Na hapa ndipo ninapopapenda: "might", shina la "mighty", nalo limetoka kwenye kitenzi cha kale cha kuweza, kile kile kilichozaa "may". Koo mbili zisizohusiana, zote zimepata nguvu kutoka kwenye kuweza, kama sisi tulivyopata "uwezo". Mwonyeshe mdogo wako kwamba hata "possible" ni wa ukoo wa "potent".

Nesi wa Mtwara
Mwalimu kanena. Sisi kliniki neno "potent" tunakutana nalo kwenye chanjo. Kichupa kina alama ya duara, ndani yake mraba mweupe. Kikipigwa na joto, mraba unakolea polepole. Ukishafanana rangi na duara, hicho hakichomwi wala hakidondoshewi mtoto. Ukikitazama, dawa imo, haijapungua hata tone, lakini "potency", yaani nguvu yake ya ndani, haiaminiki tena. Kwa joto letu hili la Novemba, jokofu la nyuzi 2 hadi 8 halina mjadala.

Kaka wa Nangurukuru
Asanteni sana, nimeelewa. La mwisho mwalimu: yule chifu naye anaweza kuitwa "potent"?

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Zamani waliandika hivyo kwa wafalme. Siku hizi, kwa mwanamume, neno hilo linapeleka mawazo kwenye nguvu za kiume, na "impotent" ndiyo kabisa. Kwenye mtihani chifu abaki "powerful".