Keshia wa benki, madirisha yanafungwa. Kwa umri huu nisomee nini wakuu?

Ua Waridi:
Wakuu habari za jioni. Ni keshia wa benki moja hapa Dar, miaka 12 kazini. Kazi ni dirishani: kuhesabu, kukagua noti, kulinganisha saini. Noti bandia naitambua kwa vidole kabla haijafika kwenye mashine. Zamani mwisho wa mwezi foleni ilitoka hadi nje kwa mlinzi. Siku hizi wanaokuja ni wazee wa pensheni na wafanyabiashara wenye mabulungutu, wengine wamemalizana na simu au wakala wa mtaani kwao.

Sasa tumeitwa. Tawi linapunguza madirisha. Chaguo la kwanza, kuhamia kuwa afisa wa mawakala: pikipiki, tableti, malengo ya kila mwezi, kuuza bima, kusoma ripoti ujue wakala yupi kaishiwa floti, yaani salio lake la kuwahudumia wateja. La pili, kuchukua changu na kuondoka. Nina miaka 43. Swali langu moja tu: nisomee nini cha haraka kinacholipa? Excel? Akili mnemba? Ufundi VETA? Ushauri tafadhali, matusi sihitaji.

Ngosha wa Igoma:
Lima matikiti. Ekari moja, miche elfu nne, kila mche matunda mawili, zidisha kwa elfu mbili. Hesabu imekamilika, mvua tu ndiyo haijaisoma.

Mama Wawili:
Pole dada. Mama yangu alikuwa mpiga chapa ofisi ya wilaya. Kompyuta zilipoletwa wenzake walisema zinaua macho, hawakuzigusa. Yeye akawa anabaki jioni kijana mmoja anamfundisha. Amestaafu akiwa mkuu wa masijala. Lakini kilichombeba siyo kompyuta peke yake. Alijua faili gani liko wapi na nani alilichukua, na hao vijana waliojua kompyuta hawakulijua hilo. Na wewe usijidharau. Kule kwa mawakala nani atawafundisha noti bandia, huyo mtoto aliyetoka chuo juzi?

Ua Waridi:
Asante. Ila mimi ni kaka, jina la ID msilijali.

Mtumishi wa Bwana:
Ajira ni kifungo, ndugu. Mungu amekufungulia mlango, unaogopa kutoka. Funga siku tatu, uombe.

Bi Hesabu:
Kabla ya kufunga, nijibiwe. Wafanyakazi wa benki mnakopeshwa kwa riba nafuu. Mkopo unao?

Ua Waridi:
Upo, kama watumishi wote.

Bi Hesabu:
Wa nini, umebaki muda gani, na ukiondoka riba inakuwaje?

Ua Waridi:
Wa nyumba, Chanika. Imebaki miaka sita. Ukiondoka wanakata kwenye malipo yako, salio linahamia riba ya wateja wa kawaida. Hilo nimelipigia hesabu, msiniogopeshe.
Na nisiwafiche, fomu ya kuondoka kwa hiari nimesaini Ijumaa. Shemeji ana fremu Mbagala Rangi Tatu, tunafungua uwakala, hela ya kuanzia nimeshampa. Nizunguke juani na pikipiki kuwahudumia mawakala kwa nini, wakati naweza kuwa wakala mwenyewe?

Mama Wawili:
Kumbe umeshasaini! Sasa VETA ulituuliza ya nini?

Kaka Floti:
Wakala nipo hapa, Temeke. Kamisheni inategemea miamala, na miamala inategemea floti. Asubuhi wote wanataka kutoa, keshi inaisha; jioni wote wanaweka, floti inaisha. Ukienda benki kubadilisha unafunga duka. Halafu Lipa Namba ipo hadi kwa muuza mchicha, mtu hana haja ya kutoa hela ili akanunue. Kilichomkimbiza mteja dirishani kwako kinanikimbizia hata mimi. Ningepewa hiyo pikipiki yenye mshahara ningeipanda leo.

Ua Waridi:
Kila biashara ina changamoto. Mimi nina uzoefu wa fedha.

Jicho la Tai:
Wakuu, mnakunywa chai ya rangi na mnaomba kuongezewa. Keshia wa miaka 12 anauliza asome Excel? Na ID hii hii mwezi wa tatu iliomba ushauri wa mchumba ikiwa binti wa miaka 26. Nimeweka kituo.

Ngosha wa Igoma:
😂😂 Binti, keshia, kesho rubani.

Ua Waridi:
Excel dirishani ya nini? Tuna mfumo wa benki, unaingiza namba ya akaunti, unabonyeza, imetoka. Hujawahi kukaa pale usihukumu. Na ID ni ya mke wangu, yangu nimesahau nywila. Uzi wa mwezi wa tatu alimwandikia mdogo wake.

Wakili Njaa:
Chai au siyo chai, nitaandika kwa ajili ya wengine wanaosoma. Mwajiri akipunguza watu, sheria ya ajira ya 2004 inamtaka atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao. Kiinua mgongo cha chini ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Kwa hiyo miaka yako 12 ni siku 70. Ukikataa bila sababu ya maana kazi mbadala uliyopewa, unaweza kukikosa. Malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Lakini ukisaini "hiari", utaenda kulalamika nini? Hata lile fao la NSSF la kukosa ajira halimhusu aliyeacha mwenyewe. Benki wamekujibu kwamba wamekubali?

Ua Waridi:
Bado.

Wakili Njaa:
Kesho asubuhi peleka barua ya kuiondoa, wagonge muhuri kwenye nakala yako.

Ua Waridi:
Shemeji ameshalipia fremu miezi sita, nitamwambia nini?

Bi Hesabu:
Mkeo anasemaje?

Ua Waridi:
Nitamweleza wakati ukifika. Humu hajaingia siku nyingi.

Ua Waridi:
Mwenye ID nimeingia. Baba Neema, pikipiki unaijua tangu Urambo, usiwadanganye watu na jua. Na huyo shemeji wa Rangi Tatu ni nani? Kaka zangu wote wako Tabora.