Mbalamwezi imeniweka nyumbani, gemu za kusoma zimenishinda. Nisaidieni

Karani wa Mwaloni
Mwangaluka wakuu. Mimi ni karani wa mitumbwi ya dagaa hapa Kirumba, Mwanza. Mnaoijua kazi hii mnajua: mbalamwezi ikikolea dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapandishwa mchangani, tunabaki kuhesabiana madeni. Safari hii nikasema badala ya kushinda kijiweni kwenye bao, ngoja nijaribu gemu za simu.

Nilianza na 2048. Unasogeza vigae, 2 na 2 zinazaa 4, 4 na 4 zinazaa 8, hadi kidole kinauma. Nimekwamia 1024 mara nne. Tamu, ila ukizima simu hubaki na kitu.

Nikahamia za hadithi. A Dark Room ya Michael Townsend, ya 2013, ndiyo iliyoniteka. Skrini tupu, moto umezimika, kitufe kimoja tu cha kuuwasha. Nikawasha, nikaongeza kuni. Mara mlango ukafunguka, akaingia mtu kachakaa, akaanguka pembeni. Picha hakuna hata moja, lakini nilikesha naye mpaka adhana ya alfajiri.

Kiburi kikanipanda, nikaitafuta Zork, mzee wao, iliyoanzwa na vijana wa chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1977. Hii hubofyi, unaandika mwenyewe unachotaka kufanya, kwa Kiingereza. Nikaandika kwa ufasaha wote wa kidato cha nne, sentensi nzima na "please" yake. Haikunielewa. Nikashuka chini ya nyumba taa ninayo mkononi, sijaiwasha, nikaliwa gizani. Mimi, mtu wa taa!

Sasa naomba ushauri: zinazoeleka hizi, au nirudi kwenye vigae? Na za Kiswahili zipo? Mdogo wangu wa darasa la sita ananichungulia begani, Kiingereza kinamtoa jasho.

Fundi Makoroboi
Kosa lako ni adabu, mkuu. Gemu hizo hubembelezi. Kitendo na kitu, basi: "take lamp", umemaliza. Kaskazini andika N, ulichobeba andika I, kutazama tena L. Na chora ramani kwenye daftari, maana kuna mahali unatoka kwenda kaskazini, ukirudi kusini hufiki ulikotoka. Ile taa nayo betri yake inaisha, usiiache inawaka huku uko juani.

Halafu umeanzia mlimani. Jaribu Lost Pig ya 2007: jitu fulani zito la akili linatafuta nguruwe aliyetoroka. Ni fupi, na hata ukikosea, majibu yake yanachekesha.

Kete Nne
Bao limekukosea nini lakini?

Mwalimu wa Nansio
Kaka, hapo kwenye Kiswahili nina kovu. Niliwahi kujaribu kutengeneza ya kuandika amri nikanyoosha mikono. Kwa Kiingereza kitendo kinakaa huku na kitu kule. Kwetu mchezaji mmoja ataandika "fungua mlango", mwenzake "ufungue", mwingine "niufungue". Ukiweka sanduku inakuwa "lifungue", chupa "ifungue". Yaani mashine ijue kwanza ngeli ya kila kilichomo chumbani, na ikishajua, mtu atakuja na "mfungulie".

Nikahamia za kubofya, nikapumua. Kuna programu inaitwa Twine, aliianzisha Chris Klimas mwaka 2009, ni ya bure. Unaandika kama kawaida, neno ukiliweka ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, [[hivi]], linakuwa njia ya kwenda ukurasa mwingine. Ukimaliza, hadithi nzima inatoka kama faili moja la HTML. Mtumie mdogo wako kwa WhatsApp, alifungue kwenye kivinjari hata bando likiwa limekata. Ila kuandikia kwenye simu ni mateso, tafuta kompyuta.

Wanafunzi wangu niliwaandikia ya mtu anayewahi meli ya kuvuka kuja Ukerewe. Wamegombana siku mbili kama alipaswa kusimama kununua mihogo au la.

Karani wa Mwaloni
Asanteni sana. Fundi, nguruwe nimemwona, hakamatiki.

Mwalimu, shikamoo. Jana nimeanza, kwenye daftari la mahesabu kwanza: "Saa nane usiku. Taa ya katikati inafifia, dagaa wameanza kutawanyika. [[Badilisha betri]] au [[Vuteni wavu hivyo hivyo]]." Dogo kachagua kuvuta wavu, akafunua ukurasa, akakuta bei za maji ya mwezi uliopita. Kaninunia mpaka sasa.

Mwezi umeanza kuchelewa kutoka, kesho jioni tunashusha mitumbwi. Kuna mtu wa Kirumba au Kitangiri hapa anayeweza kuniazima kompyuta mchana, kwa muda wa saa mbili tatu hivi? Dagaa wa kuonja wapo.