Arosto (mateso ya mwili ukikosa kilevi ulichozoea): uliyeipitia au uliyemuuguza mtu nayo, tupeane uzoefu

Wakuu, mdogo wangu yuko kwenye unga (heroini) mwaka wa 3. Juzi mama kaamua tumfungie chumbani mpaka umtoke. Siku ya kwanza miayo na kamasi tu, nikadhani mafua. Usiku wa pili ndo nikajua. Kajikunja sakafuni, vinyweleo vimesimama, anaharisha, anatapika, anasema mifupa inasagwa. Alfajiri kang'oa wavu wa dirisha, kaondoka na pasi. Waliopitia haya, ilikuwaje?

Muosha Magari
Nilikuwa teja miaka 7, Magomeni na Manzese kote nimelala nje. Ukivuta asubuhi, jioni arosto inabisha hodi. Siku ya 2 na ya 3 ndo balaa lenyewe. Ikifika wiki mwili unatulia, ila usingizi mimi ulinirudia baada ya mwezi na zaidi. Watu wanadhani teja anafuata raha. Raha iliisha mwaka wa kwanza, iliyobaki nilikuwa nanunua kete za unga ili niweze kusimama tu nikaoshe magari ya watu. Na nilianzia kwenye kokteli, unga ndani ya msokoto wa bangi, wala sikujua navuta nini.

Sasa hivi nakunywa methadoni, dawa ya kutuliza arosto ya unga, pale hospitali ya Mwananyamala. Kila siku unaenda, unainywa mbele ya mhudumu anakuangalia. Inafunga choo sijapata kuona, na nauli ni mtihani. Lakini mke wangu siku hizi anaacha pochi mezani.

Da Mkubwa
Wetu tulimpeleka Korogwe kwa bibi. Miezi 4, akanenepa, akawa anachunga mbuzi. Aliporudi Dar tukampikia pilau, majirani wakaja. Siku ya 5 tukamkuta chooni, midomo imepiga bluu, bomba la sindano liko pembeni.

Daktari aliuliza swali moja tu: alikaa muda gani bila kutumia? Kumbe mwili ulishasahau unga, yeye akajidunga kipimo kile kile cha zamani, pumzi zikakata. Hakuna aliyewahi kutuambia. Sisi tulikuwa tunahesabu miezi tukishangilia, kumbe kila mwezi unaopita kipimo cha zamani kinazidi kuwa sumu. Mkuu, mdogo wako akimaliza wiki usiseme kapona.

Tembo Kidogo
Bangi mbona haina arosto? Mimi naacha nikitaka.

Muosha Magari
Kaa siku 3 bila kuvuta, halafu uje utuambie umelalaje.

Mwana wa Pwani
Msisahau gongo. Mzee wangu alikunywa zaidi ya miaka 20, akaacha ghafla kwa kuapa. Siku ya pili mikono inatetemeka, usiku anafukuza wadudu ukutani ambao hatuwaoni. Shangazi akasema mashetani, tukaita mtu wa kuyapunga. Katikati ya ngoma akaanguka kifafa. Hospitali wakasema mlevi wa kupindukia hakatishwi pombe nyumbani hivi hivi, kifafa hicho kinaua. Mzee yupo, ila ulimi aliung'ata vibaya.

Mleta uzi
Da Mkubwa pole sana. Nimemsomea mama ulichoandika, akanyamaza, akaenda kutoa kufuli la chumba. Jamaa karudi jana usiku, kalala barazani. Kesho asubuhi tunaenda naye Mwananyamala tukasikilize wanasemaje. Habari ya pasi sijamuuliza.