Naombeni ushauri: kutembea na detekta bichi za Mombasa, kibali kinatoka wapi ama nililiwa tu?

Fundi_Luthuli:
Niaje wadau. Mimi ni fundi simu hapa tao Nairobi, Luthuli, kwa hivyo vitu vya waya na saketi ndio ugonjwa wangu. Ndugu yangu ako Leicester, Uingereza, alinunua detekta mpya akanitumia yake ya zamani, Garrett ACE 250, ile unapitisha sahani juu ya mchanga ikinusa chuma inalia. Nimeijaribu kwa shamba la mzee mmoja Ruai, aliniruhusu mwenyewe, nikatoa misumari karibu kilo mbili, vizibo vya soda, na ndururu moja ya tundu ya 1952 ambayo watoto wangu walikataa kabisa kwamba hiyo ni pesa.

Sasa mwezi wa nane tulikuwa na harusi ya shemeji Mombasa, nikaibeba. Asubuhi kumi na mbili na nusu niko Pirates, maji yametoka, nimetembea kama dakika ishirini nimepata sarafu mbili za shilingi kumi na kijiko. Akaja jamaa amevaa sare, sitasema ya wapi juu hata sijui kama ilikuwa ya ukweli, akaniuliza kibali kiko wapi. Nikamuuliza kibali cha nini na hii si bichi ya umma? Akasema bila kibali hiyo mashine inaenda kituoni na mimi nyuma yake, lakini tunaweza ongea. Tukaongea. Ikaishia elfu moja mia tano kwa namba yake ya simu, risiti hakuna. Mama watoto hajui mpaka leo, kama kuna mtu hapa anamjua anyamaze.

Uchungu wenyewe ni huu, kesho yake mama mkwe akapoteza pete yake ya ndoa hapo hapo mchangani, na mimi mwenye mashine nimeificha chini ya kitanda juu ya uoga, nikajifanya natafuta kwa mikono kama wengine. Desemba tunarudi na nataka kwenda nikiwa sawa kisheria. Huyu ndugu yangu ananiambia kwao sehemu kubwa ya ufuo iko chini ya Crown Estate, shirika linalosimamia mali ya ufalme, na siku hizi wameruhusu mtu yeyote atembee na detekta yake bila kuomba kibali, isipokuwa sehemu walizofunga. Huku kwetu naomba kwa nani? KWS (wale wa wanyamapori na hifadhi), kaunti, polisi, ama chifu?

mama_twins_umoja:
Pole lakini nimecheka. Hiyo 1,500 ni tuisheni. Na hiyo stori ya kutafuta kwa mikono siku moja itatoka tu mbele ya mama mkwe, jiandae.

kanjo_survivor:
Buda mtu akikuuliza kibali muulize kinaitwaje, kinatoka ofisi gani, na kinalipiwa wapi. Siku hizi pesa ya KWS ama ya wizara inaenda eCitizen, ile tovuti ya serikali, paybill 222222, na unapata risiti. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu hapo hakuna kibali, ni wewe ndio chakula.

tumbili_wa_karura:
Wewe nenda usiku na tochi ya kichwa, saa nane hivi, hakuna mtu wa kukusumbua. Na kama unataka pesa ya ukweli achana na pete, kuna mzee Voi ana ramani ya rupia za Mjerumani, anatafuta mtu wa mashine mgawane nusu kwa nusu.

bin_kisauni:
Huyo hapo juu asikupoteze ndugu yangu. Usiku ufuoni na mashine inayolia na tochi kichwani, wallahi utaitwa mwizi ama gaidi kabla hujafungua kinywa, na vijana wa hapa hawangoji maelezo. Halafu usiku ndio kasa hupanda kutaga, mwanga unamrudisha baharini. Na huyo mzee wa ramani kwanza atakuomba pesa ya kafara, kisha ya mafuta, kisha simu inazimwa. Binamu yangu amepitia hayo, ramani ilikuwa fotokopi.

wakili_wa_baraza:
Mimi si wakili wako, nasoma sheria tu kama wengine wanavyosoma mambo ya mpira, lakini ngoja nikutengenezee hii kitu juu watu wanachanganya.

Fomu inayoitwa kibali cha detekta bichi mimi sijawahi kuiona. Ndio maana yule jamaa alikuwa na nafasi ya kukula, kitu ambacho hakina jina kila mtu anaweza kukiuza. Lakini usiruke ukasema basi ni huria. Kuna maswali mawili, ardhi ni ya nani na unatafuta nini, na hilo la pili ndilo linalofunga watu.

Ardhi kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, iko chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na inasimamiwa na Tume ya Ardhi. Kwa hivyo askari wa hoteli akikufukuza kwa mchanga ambao maji huufunika hana miguu ya kusimama. Lakini ukipanda juu ya hapo kuelekea vile viti vyao hiyo yaweza kuwa ploti ya mtu, omba ruhusa kama ulivyoomba kwa mzee wa Ruai. Pia bahari ya mbele ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya KWS tangu 1986, na Malindi, Watamu na Kisite nako kuna hifadhi zao. Huko usichimbe chochote kabla ya kuongea na walinzi wa KWS wa hapo, ofisi yao, si mtu wa kukutana naye mchangani.

Sasa unatafuta nini. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inasema mtu haruhusiwi kutafuta vitu vya kale vilivyozikwa, kwa kuchimba ama hata kwa shughuli za juu juu ya ardhi, bila leseni ya utafiti kutoka kwa waziri. Soma hapo tena, hata juu juu, hata kama sehemu yenyewe haijatangazwa kuwa ya kulindwa. Kwa hivyo ukisimama na detekta ukamwambia ofisa natafuta pesa za Wareno, umejishtaki mwenyewe. Ukimwambia natafuta pete ya mama mkwe iliyoanguka mwezi wa nane, hicho ni kitu kingine kabisa. Beba picha ya hiyo pete kama iko.

Fundi_Luthuli:
Eeh mkuu asante, hii imenifungua macho. Picha ziko, za harusi pete imeonekana kwa mkono akikata keki. Sasa swali, tuseme natafuta pete nipate sarafu ya kitambo bila kukusudia, hapo inakuwaje? Na zile shilingi kumi mbili na kijiko nirudishe kwa nani 😂

wakili_wa_baraza:
Mpaka ni mwaka 1895. Kitu cha kubebeka kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 sheria inakiita kitu cha kale, na kikiwa ardhini ni mali ya serikali, si yako wala ya mwenye ploti. Kwa hivyo ndururu yako ya 1952 haiko kwa hiyo hesabu, lala usingizi. Lakini ile pesa ya shaba ya 1888 ya kampuni ya Waingereza iliyoandikwa Mombasa, ile yenye mizani, hiyo ishavuka mpaka na Mombasa ndiko ilikuwa inatumika. Ukikutana na kitu kama hicho usikisugue na colgate, piga picha kikiwa kwa shimo, andika mahali, na una siku saba kupeleka habari kwa Makumbusho ya Taifa pamoja na kitu chenyewe. Fort Jesus iko hapo hapo, huna kisingizio cha umbali.

Kuhusu vitu vya watu vya juzi, kifungu cha 268 cha sheria ya makosa ya jinai kinasema ukiokota kitu kilichopotea na hujui mwenyewe na una sababu nzuri ya kuamini hawezi kupatikana, huo si wizi. Shilingi kumi na kijiko, kula. Lakini pete yenye majina mawili na tarehe ndani, ama simu, hiyo mwenyewe anapatikana, peleka kituoni uandikiwe OB, yaani kwa kitabu cha matukio cha polisi.

shosh_wa_historia:
Naongezea kwa nini wanakaza hivyo, juu kuna mtu ataona ni serikali kusumbua tu. Pwani yetu sarafu moja inaweza kubadilisha stori. 2010 Mambrui watafiti wa Kenya na China walichimbua sarafu ya mfalme Yongle, yule aliyetawala China kutoka 1402 mpaka 1424 na kutuma meli za amiri Zheng He huku, na 2013 nyingine ikatangazwa kutoka kisiwa cha Manda. Uzito wa hizo sarafu ni kwamba zilitolewa na watafiti wanaoandika zilikuwa tabaka gani la udongo na pembeni yake kulikuwa na nini. Mtu wa detekta akiing'oa asubuhi akaitia mfukoni, inabaki kipande cha chuma cha kuuza mtandaoni, haisemi tena kitu. Kwa hivyo Gedi, Jumba la Mtwana, Mnarani, Shanga, Takwa, hata fukwe za karibu na hayo magofu, mashine ibaki kwa gari. Na majini mbele ya Fort Jesus usijaribu, hapo ndipo ile meli ya Wareno ilizama 1697 Waomani walipokuwa wameizingira ngome.

bin_kisauni:
Ami ngoja nikwambie la bahari sasa, maana sheria umeshapewa. Pete ya mwezi wa nane si lazima iwe ilipoanguka. Wakati wa upepo wa kusi bahari ni kali, inabeba mchanga upande mmoja na kurundika mwingine, upepo wa kaskazi ukiingia bahari inarudisha. Dhahabu ni nzito, yenyewe huzama mpaka ikutane na pagumu, mchanga wa juu ndio unatembea. Kwa hivyo mwaka huu iko mkono mmoja chini, mwakani pengine kiganja. Usiende wakati wa maji mafu, yale yasiyotoka mbali, utapata ukanda mwembamba tu. Ngoja bamvua, mwezi ukiwa mpevu ama mwandamo, maji hutoka mbali sana, uanze masaa mawili kabla ya maji kupwa ufuate maji yakishuka. Na ukifika salimia kwanza, kuna wazee wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na vijana wa bichi, waonyeshe picha ya pete. Ukishakuwa na wenyeji wawili watatu wanaojua wewe ni mkwe unayetafuta pete, mwenye sare wa uongo hakusogelei. Shimo lako fukia, watoto huvunjika miguu.

oscilloscope_254:
Fundi mwenzangu, hiyo ACE 250 ni masafa (frikwensi) moja tu, 6.5 kHz. Kwa mchanga mkavu iko sawa, lakini mchanga uliolowa chumvi unapitisha umeme, mashine inaona kama chuma kimejaa kila mahali na italia mpaka uitupe. Shusha sensitiviti, sahani isiguse chini, utapoteza kina lakini utatulia. Mashine za masafa mengi ama za palsi (pulse induction) ndio za maji ya chumvi. Na sahani tu ndio inaweza kuingia majini, lile boksi la juu wimbi moja likilipiga kwisha.

mama_twins_umoja:
Kumbe hii kitu ni ya kusomea hivi 😅 mimi nilidhani ni kulia tu tiii tiii.

Fundi_Luthuli:
Wadau nimerudi. Jana nilifunga kazi mapema nikapanda Museum Hill kwa Makumbusho, si mbali na tao. Nikaeleza mapokezi, nikapelekwa kwa jamaa mmoja mpole tu, hakunicheka. Kitu cha kwanza aliuliza ndicho kile wakili wa baraza alisema, unatafuta nini. Nikatoa simu nikamwonyesha mama mkwe anakata keki. Akaniambia niandike barua fupi, jina, namba ya kitambulisho, tarehe, sehemu kamili ya bichi, aina ya mashine, na kwamba natafuta kitu fulani cha juzi na nikikuta cha kale sikigusi, nawapigia. Nakala moja yao, nyingine nitembee nayo. Akasisitiza kwamba hiyo barua si leseni, ni kuonyesha tu nilienda kwa mlango. Hiyo barua nimewatumia pia KWS wa Mombasa, nangoja jibu, wakikataa naacha mashine nyumbani.

Imebaki moja. Kwa stesheni ya treni ya SGR pale Syokimau, mizigo inapangwa chini mbwa wananusa halafu inapita kwa mashine. Hii detekta nikiifungua vipande itaonekana aje kwa skrini?

kanjo_survivor:
Itaonekana kama fimbo, sahani na waya 😂 wewe unapeleka detekta kwa wenye detekta. Toa betri, weka juu ya nguo zote, na umwambie askari kabla hajauliza. Na hiyo barua weka mfuko wa shati, si ndani ya begi.

bin_kisauni:
Ukifika niandikie, nikuonyeshe wale wazee wa BMU. Na mkweo mwambie ukweli wa mwezi wa nane kabla hujamvisha pete.

Fundi_Luthuli:
Hapo sasa ndio unaniomba kitu ngumu.