Kumchangia mtu kwenye gemu (wengi kumvamia mmoja): ni akili au ni uoga?

MWANZISHA MADA
Wakuu, tujadili hili bila matusi.

Jana niliingia PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana risasi hadi abaki mshindi, solo, ramani ya Erangel. Tumebaki watano, duara la eneo salama limeshabana. Niko nyuma ya jiwe, naona jamaa wawili wanatembea bega kwa bega majanini, hakuna anayempiga mwenzake. Mmoja akanimiminia risasi nisiinue kichwa, mwingine akazungukia kushoto. Nikaisha. Mdogo wangu aliyekuwa anachungulia simu akasema tu, "Bro, umechangiwa."

Solo ni watu 100, kila mtu kivyake. Kanuni za gemu zinakataza kuungana humo, na akaunti inaweza kufungiwa. Hilo halina ubishi. Ninaobishana nao ni wanaosema wengi kumvamia mchache ni uoga popote pale, na watengenezaji waweke ukomo. Nakataa. Ukiingia peke yako mechi ya skwodi, yaani ya makundi ya watu wanne, umeyataka mwenyewe. Wao akianguka mmoja, mwenzake anamwinua kwa sekunde 10. Wewe ukianguka, safari imeishia hapo.

MCHANGIAJI (jina baya kwa mada hii, najua)
Mkuu, sikuungi mkono. Kuna mhandisi wa magari wa Uingereza, Lanchester, alipiga hesabu hii mwaka 1916: kwa silaha za kulenga mbali, nguvu ya kundi ni idadi yake mara yenyewe. Wanne dhidi ya wawili si mara mbili, ni 16 kwa 4. Shabaha zikilingana, wawili wanaisha na upande wa pili wanabaki zaidi ya watatu. Hapo ufundi uko wapi?

Tazama EVE Online, gemu ya vita vya meli za anga ya CCP, kampuni ya Iceland. Januari 2014, huko B-R5RB, eneo la nyota ndani ya gemu, malipo ya kundi moja ya kulimiliki hayakupita, basi. Maelfu ya wachezaji wakajazana, wakapigana kama saa 21. Seva, kompyuta inayoendesha gemu, ikalemewa, muda ukashushwa hadi asilimia 10 ya mwendo wake: sekunde moja ya gemu, sekunde 10 za saa ya ukutani. Unabonyeza kufyatua, unaenda kubandika chai. Hiyo ni burudani?

MWANZISHA MADA
Kwa walioipenda, ndiyo, na mpaka leo wanaihadithia. Tena umenisaidia: CCP walichagua kupunguza mwendo kuliko kuwafukuza watu uwanjani.

Hesabu ya Lanchester naipokea, ila inasimama pale wote wanne wanapokuona kwa wakati mmoja. Wakate vipande. Mimi napanda ghorofani, ngazi ni moja, wanakuja mmoja mmoja. Wakiwa nje, nikimwangusha mmoja simmalizi. Namwacha atambae. Mwenzake akiinama kumwinua, zile sekunde 10 bunduki haimsaidii kitu. Hapo wanne wameshakuwa wawili, na mimi bado nina risasi. Wengi wetu tunamalizia aliyelala ili tuhesabiwe uuaji, kisha tunalia tumeonewa.

MCHANGIAJI
Hizo ngazi za Pochinki, ule mji wa Erangel, nazijua, mkuu. Nani atapanda? Wanarusha bomu juu, wewe umejibana kwenye chumba kimoja.

MWANZISHA MADA
Ndiyo maana nakaa dirishani. Bomu likiingia, mimi natoka.